Milio Mitatu

Julai, Moshi. Mlima umejifunika mawingu mpaka kidevuni
na vidole vyangu bado vinagoma kushika bisibisi.
Nimefungua kibanda nyuma ya duka la mbegu,
nimefagia, nimechemsha chai,
glasi nimeiweka mbali na meza:
somo la kwanza la ufundi huu, ada nililipa mwenyewe.

Wagonjwa wa jana wako rafuni, wameandikwa kwa makapeni.
"Haiwaki."
"Inawaka, inazima."
"Imemwagikiwa maji."
Si maji haya, mzee wangu. Nimeinusa:
ni mbege, tena ya siku ya tatu,
imekauka chini ya vitufe, A na S wameshikana
kama walevi wanaosindikizana nyumbani.
Ya kijana wa chuo inakoroma. Kwenye feni yake
nimetoa vumbi la kutosha kuotesha mchicha.
Na ile ya ofisi ya maji, sisimizi wamehamia humo na mayai yao.
Penye joto, mwezi huu, nani asingehamia?

Saa tatu bodaboda ikasimama.
Mwalimu Nsiande, kutoka Kibosho, akashuka taratibu,
kompyuta ya mezani kaipakata, kaifunga kitenge.
"Haisemi," akasema.
Nikachomeka waya.

Pii. Pii. Pii.

"Inasema, Mwalimu. Inasema haikumbuki.
Umeme unafika, feni inazunguka,
ila haijui pa kuanzia."
"Kama mama," akasema,
kisha akaanza kukunja kile kitenge, pembe kwa pembe,
mpaka kikawa kidogo kama daftari.

"Na alama za moko? Watoto themanini na mmoja,
nimeziingiza usiku. Umeme ukikatika, nasubiri.
Ukirudi, naendelea."
"Alama ziko kwenye diski. Diski ni kabati.
Hii iliyogoma ni meza tu, ya kupangia unachosoma."
Akanitazama jinsi walimu wanavyomtazama
mtoto aliyepata jibu bila kuonyesha njia.

Skrubu nne, moja ni ya baiskeli
(fundi aliyenitangulia, Mungu anamwona).
Nikachomoa ramu, zote mbili.
Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefubaa,
ukungu wa Kibosho umelala humo misimu miwili.
Nikavuta droo, nikaanza kusugua.

"Hiyo ni raba."
"Ni raba."
"Ya penseli."
"Ndiyo, Mwalimu."
"Ninazo boksi zima, kabatini, shuleni."
Nikaendelea kusugua.

Nikazirudisha, nikabonyeza hadi zikasema ta, na ta.
Nikawasha.
Pii.
Mmoja tu, mfupi,
kama mtoto anayeitika mahudhurio.
Jedwali likafunguka, majina yakateremka,
naye akayafuata kwa midomo, bila sauti, hadi la mwisho.

"Elfu kumi," nikasema, nikiangalia dukani kwa watu wa mbegu.
"Kwa raba?"
Mafundi wote tunalo jibu la hapo,
lile la bei ya kujua pa kugusa.
Nikalitafuta. Likakwama kooni.

"Zima," akasema. "Chomoa waya. Nionyeshe tena."
Akavua bangili, akaziweka juu ya mashine ya mbege.
Akachomoa mwenyewe, akasugua mwenyewe,
taratibu, kama anafuta jibu la mtoto
bila kuchana karatasi.
Ta. Ta. Pii.
Akahesabu elfu kumi, noti za elfu mbilimbili.
"Hii si ya raba," akasema. "Ni ada."

Tangu siku ile, kutoka Kibosho
haijashuka tena hata moja yenye milio mitatu.
Zinakuja zilizopigwa na radi, zilizonuka moshi,
zile ngumu, za kukesha nazo.
Na kila moja ina karatasi imebandikwa ubavuni,
mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima:
*Raba tumejaribu.*